Herufi Kubwa

Ijumaa, saa mbili kasorobo asubuhi, Inspekta Kigen alifika Kabazi kupiga picha ya droo.

Droo tu. Kesi yenyewe aliiona imekwisha. Mshukiwa alikuwa selo mjini Nakuru tangu Jumanne kwa kibali cha korti, maelezo yake yalikuwa yameandikwa na kutiwa sahihi, na saa nane mchana angesimama mbele ya hakimu asomewe shtaka la wizi. Lakini kiongozi wa mashtaka alikuwa mtu wa kupenda faili lililokamilika. Alitaka picha ya mahali kitu kilipoibiwa. Kigen alinung'unika, akamchukua Konstebo Sally na kamera, wakaondoka mjini kabla ya chai. Isingekuwa picha hiyo, asingefika Kabazi kabisa, na jambo hilo lilikuja kumkaa rohoni kuliko kesi zote alizowahi kushinda.

Mambo yalianza hivi. Mama Jepkosgei, mjane wa miaka sitini na minane, alikuwa amehama kutoka Section 58 mjini Nakuru kwenda kwenye shamba aliloachiwa na marehemu mumewe. Yeye alitangulia Jumapili kufagia nyumba. Jumatatu kampuni ya kuhamisha watu ikamtuma Wasike, mfungaji wake mkongwe, akafunga vyombo vya nyumba nzima na kuvisindikiza kwa lori hadi Kabazi. Jumanne asubuhi mama akavuta droo ya juu ya meza yake ya vipodozi. Bahasha ya kaki yenye hati ya shamba haikuwemo. Alitoka hapo hapo, akateremka Nakuru kupiga ripoti. Kigen alimuuliza maswali mawili: nani aligusa droo, na nani mwingine? Majibu yote mawili yalikuwa Wasike.

Sasa mama huyo huyo alikuwa amesimama barazani, leso begani, akiwangoja.

"Chamgei, Mama."

"Chamgei mising. Karibuni. Mtakunywa chai kwanza, hakuna kazi inafanywa na tumbo baridi."

"Tuna haraka kidogo, Mama. Korti ni saa nane."

"Hata mimi niko na haraka. Shemeji zangu jana walikuwa hapa wanapima mpaka na miguu. Kipruto amenishow wazi, kama sina title, basi shamba ni ya ukoo. Miaka arobaini na moja nimelima hapa kila likizo, leo naambiwa nionyeshe karatasi." Alifuta pua kwa ncha ya leso. "Mnipatie hiyo karatasi, mwanangu. Huyo Wasike mfunge hata miaka mia, lakini anitolee karatasi."

Kigen aliitikia kwa kichwa. Macho yake yalikuwa yamenaswa na kitu kirefu kilichosimama pembeni mwa mlango, kimevikwa mablanketi toka juu hadi chini kama mgonjwa wa malaria, kikazungushiwa kamba ya katani.

"Hii nayo?"

"Kabati yangu ya vyombo. Ya harusi. Imekataa kuingia. Huu mlango marehemu aliupima na macho, si na futi. Fundi alikuwa akuje Jumatano akate fremu, na huyo jamaa yenu arudi aiingize. Alikuwa ameacha ujumbe isiguswe, ati aliyefunga ndiye anafungua. Sasa fundi yuko, lakini mwenye kufungua mko naye."

Sally alicheka kidogo, kisha akaona Kigen hacheki, akaanza kuandaa kamera.

Waliingia chumbani. Meza ya vipodozi ilikuwa imeegemezwa ukutani, kioo chake kikiwa bado na alama nyembamba za gundi, mistari miwili iliyokatana katikati. Sally akapiga picha: droo ikiwa imefungwa, droo ikiwa wazi, droo kutoka juu. Hapo kazi ilikuwa imekwisha. Lakini Kigen alikuwa na tabia ya kuuliza swali moja zaidi akiwa ameshageuka kuondoka, tabia iliyompandisha cheo mara mbili na ambayo Jumanne, kwa sababu ya uvivu au kiburi, hakuitumia.

"Mama, ulipofungua hii droo, ndani kulikuwa na nini?"

"Hakuna."

"Na ile ya chini?"

"Hakuna kitu. Zote zilikuwa zimepanguswa safi, hata vumbi hakuna."

"Lakini huko mjini zilikuwa na vitu."

"Haya! Zilikuwa zimejaa. Miwani yangu, uzi, sindano, vidonge vya pressure, pini za nywele za binti yangu Chesang akiwa msichana mdogo."

"Viko wapi?"

"Si hapo kwa katoni. Vyote vilikuja. Hata pini moja haikupotea." Mama alisema hivyo kwa kiburi kidogo, kama anayesifu kazi ya mtoto wake, kisha akakumbuka anamsifu nani, akakunja uso.

Kigen alichuchumaa. Katoni zilikuwa kumi na mbili, zimepangwa kando ya ukuta, nyingi zimeshafunguliwa. Kila moja ilikuwa imeandikwa ubavuni kwa kalamu ya wino wa buluu, mwandiko mdogo, wa taratibu, wa mtu aliyejifunza kuandika ukubwani. *sufuria – jikoni. mito – sebuleni. mashuka na vitu vya droo – chumbani.* Juu ya kila moja: *mama jepkosgei, kabazi.*

"Afande, huyu jamaa ako na mpango," Sally alisema. "Hata pini za nywele ameandikia. Mimi nikihama naweka kila kitu kwa gunia moja, God mbele."

Kigen aligusa mwandiko ule kwa kidole. Kitu kilikuwa kinamkwaruza akilini, wala hakujua ni nini. Mwizi gani anafungasha sindano za mtu, anazipeleka kilomita arobaini bila kupoteza hata moja, kisha anaiba karatasi isiyouzika kwa yeyote? Swali hilo alikuwa amelizima tangu Jumanne kwa sababu alikuwa na kitu kizito zaidi. Alikuwa na Kabatini.

Kabatini ni mtaa ulioko njiani, ukitoka mjini kabla hujafika Bahati. Dereva wa lori alieleza kwamba Jumatatu rejeta ilichemka, wakasimama hapo kwa dakika arobaini. Wasike alishuka na furushi kubwa kwapani, akapotelea nyuma ya maduka, akarudi mikono mitupu. Alipobanwa alibabaika na kukataa kusema alibeba nini. Na katika maelezo yake, aliyoyatoa kwa kinywa chake, kulikuwa na sentensi iliyomfurahisha Kigen kama mvuvi aliyesikia uzi ukivutwa. Jioni ya Jumanne hiyo hiyo alipeleka magari mawili Kabatini kwa dada yake Wasike, mshonaji aitwaye Nabalayo. Walipindua chumba chake juu chini. Walichana makochi yake. Hawakupata bahasha, lakini walikuta kipande cha sponji kuukuu ambacho mshonaji huyo alishindwa kueleza vizuri kilitoka wapi.

"Mama," Kigen aliuliza, bado amechuchumaa, "kuna sponji yoyote ilipotea kwako?"

"Sponji?"

"Ya kochi. Ya kijani, imeraruka pembeni."

Mama Jepkosgei akafikiri. "Hiyo haikupotea. Hiyo nilimwambia atupe. Nilimwambia Jumapili kabla niondoke, alipokuja kuangalia vitu vya kufunga, pamoja na makaratasi ya boksi. Akaniuliza mara mbili, 'Mama, una hakika ni ya kutupa?' Nikamwambia toa hiyo takataka kwangu."

Basi furushi lilikuwa hilo. Kigen alijua kampuni hizi: mfanyakazi akikutwa na kitu cha mteja, hata kiwe taka, anafukuzwa siku hiyo hiyo. Wasike alibabaika kwa sababu ya sponji. Mbio za sakafuni zilikuwa zimefika ukingoni, na ukingoni penyewe palikuwa na kiti kibovu cha mwanamke maskini.

Lakini sentensi ilibaki. Sentensi hakuna aliyeitupa.

Walirudi barazani, na safari hii chai ilinyweka. Kigen akatoa faili kwenye mkoba, akampa Sally.

"Nisomee hapo nilipopiga mstari. Kwa sauti. Polepole."

Alitaka kuyasikia maneno kwa sikio la mtu mwingine. Sally aliweka kikombe chini, akasoma kama asomavyo mtoto wa shule:

"'Vitu vyote vya droo niliviondoa kwa sababu droo haibebwi na vitu ndani, inapasuka. Nilivitia kwa katoni. Lakini karatasi za mama sikuzitia kwa katoni. Karatasi za mama niliziweka Kabatini.'"

Kutoka jikoni, bila hata kuchungulia, Mama Jepkosgei akauliza, "Kwa kabati gani?"

Jogoo aliwika kwa jirani. Sally alimtazama Kigen, na Kigen alikuwa akilitazama lile faili mikononi mwa Sally, mahali ambapo wino mweusi wa kalamu yake mwenyewe ulikuwa umechora K kubwa, yenye mguu mrefu, ya mtu aliyekuwa na hakika.

Wasike hakuwa ameandika neno. Wasike alisema, Kigen akaandika. Na mdomo hauna herufi kubwa.

Alinyanyuka akarudi chumbani, karibu akimbie. Zile katoni. *jikoni. sebuleni. chumbani.* Huku bara watu husema kwa jikoni, kwa sitting room, kwa kabati. Ndiyo maana sikio la Kigen lilipokutana na neno "kabatini" lilikwenda moja kwa moja kwenye mtaa linaoujua. Lakini huyu mtu aliandikia kila kitu mahali pake pa kufikia, na kila mahali alipamalizia kwa "-ni", kama alivyofunzwa na mwalimu wa ngumbaru, darasa la watu wazima. Wala hakuwa na herufi kubwa hata moja, si kwa Kabazi, si kwa jina la mama. Sufuria jikoni, mito sebuleni, karatasi kabatini.

Na yale mengine yakaja yenyewe, moja baada ya jingine. Alikumbuka Jumanne alipomsomea Wasike maelezo yake kabla ya sahihi, kama sheria inavyotaka. Aliyasoma kwa sauti. Wasike alitikisa kichwa akasema ndiyo, ndivyo, akatia sahihi. Angekataa vipi? Masikioni mwake maneno yalikuwa ni yale yale aliyosema.

Akakumbuka Jumatano, Wasike ameshika vyuma vya selo.

"Afande, mmeangalia?"

"Tumeangalia."

"Vizuri? Mpaka ndani?"

"Kila kona. Hakuna kitu."

Wasike aliachia vyuma. "Basi kama haiko, mimi sina lingine la kusema." Tangu hapo hakusema neno, na Kigen aliandika kwenye faili: *mshukiwa ameamua kunyamaza.* Alidhani ni ukimya wa mwenye hatia. Kumbe mtu wa watu alikuwa ameambiwa kwamba kitu alichokificha salama kimeibwa mahali alipokificha.

"Sally," alisema, na sauti yake haikuwa ya amri. "Njoo tufungue kabati."

Mama Jepkosgei alitoka jikoni mbio, kijiko mkononi. "Msikate hiyo kamba! Ina vioo. Nyinyi mnajulikana kwa kukata."

"Hatukati, Mama."

Kigen alianza na fundo la juu. Akavuta, likakaza. Akavuta la pili, likakaza zaidi. Jasho lilimtoka, na baridi ya Kabazi asubuhi mnaijua. Alikuwa karibu kutoa kisu wakati Sally alipomgusa mkono.

"Afande, ngoja. Hujaangalia. Iko na kitanzi hapa chini. Unavuta hii, si ile."

Alivuta. Fundo lote likaachia na kuanguka lenyewe. Kila fundo lilikuwa hivyo, limefungwa na mtu aliyemfikiria atakayefungua. Mablanketi yakashuka. Chini yake pembe nne za boksi zilizokunjwa zilikuwa zimeshikiliwa kwa utepe, kisha magazeti juu ya vioo, kisha vioo vyenyewe, vizima, na mistari miwili ya utepe iliyokatana kifuani.

Kigen akafungua mlango wa kabati.

Sahani zilikuwa zimesimamishwa kwa ubavu, kila moja imevaa gazeti lake. Na katikati, kwenye rafu ya pili, palikuwa na kitu bapa kilichozungushiwa nailoni, na juu ya nailoni kitambaa cha kochi cha mama mwenyewe, cheupe, cha kufuma, kikafungwa kwa uzi. Karatasi ndogo ilikuwa imechomekwa kwenye uzi. Kigen aliisoma, kisha akairudia tena kimya.

*karatasi za mama. apewe mkononi. asipewe mwingine.*

"Mama," alisema. "Jumatatu vitu vilipofika, nani alipokea?"

"Kipruto. Mimi nilikuwa kliniki Subukia, ile siku yangu ya pressure." Mama hakuwa anamtazama, alikuwa anakitazama kitambaa chake. "Waliniambia alikaa hapa mpaka lori ikaondoka. Anaangalia kila katoni kama mtu ananunua ng'ombe."

Kwa hiyo Wasike asingeweza kuitoa bahasha mbele ya mtu huyo. Aliona macho ya shemeji yakichungulia kila kitu, akaamua iendelee kukaa ndani ya mafundo hadi Jumatano, atakaporudi amkute mwenyewe. Jumanne Kigen akamkamata.

Mama Jepkosgei alifungua uzi. Hati ilikuwepo, na cheti cha kifo, na picha ndogo ya mumewe ya kitambulisho ambayo alikuwa amesahau kuwa aliiweka humo. Aliketi kizingitini, pale pale kwenye mlango uliokataa kabati, akalia waziwazi bila kujifunika.

"Uliniuliza nani mwingine," alisema. "Nikakwambia ni yeye tu. Hata sikufikiria, mwanangu. Ilitoka tu mdomoni."

"Na mimi nikaandika tu," Kigen alijibu.

Aliona aibu, aibu ya kweli, ile inayopasha masikio moto. Majuto ni mjukuu, wazee walisema, huja kinyume. Lakini wazee hawakusema kwamba mjukuu huyo akija huwa anafanana na wewe sura hadi mwandiko.

Kabla ya saa sita walikuwa wamerudi mjini. Kiongozi wa mashtaka alisoma ile karatasi ndogo, akavua miwani, akasema, "Kigen, wewe ni mtu wa miaka kumi na minane kazini." Shtaka liliondolewa kabla halijasomwa.

Wasike alitoka kaunta ya kituo akiwa ameshika mshipi na kamba za viatu mkononi. Alikuwa mtu wa miaka hamsini na kitu, mfupi, mabega mapana ya kubeba friji, na ndevu za siku tatu zilikuwa zimetoka nyeupe tupu. Aliketi kwenye benchi akaanza kutia kamba kwenye viatu, tundu kwa tundu, bila pupa.

"Kabati imeingia?" aliuliza.

Kigen alikuwa amejiandaa kwa matusi, au kwa kelele za wakili na fidia. Hili hakuwa amejiandaa nalo. "Bado. Iko barazani."

"Na vioo?"

"Vizima vyote."

"Mlikata kamba?"

"Hatukukata."

Wasike akaitikia kwa kichwa. "Na karatasi?"

"Mama anazo. Nilimpa mkononi."

"Shukuru Mungu. Mimi nilijua yule shemeji amezitoa." Akakaza kiatu cha kwanza. Kisha mkono wake ukasimama. "Lakini afande, Jumatano uliniambia mmeangalia. Kabatini."

"Tuliangalia Kabatini."

"Ndiyo. Kabatini."

"Wasike." Kigen aliketi kando yake, jambo ambalo maafisa hawafanyi kwenye benchi lile. "Tuliangalia Kabatini ya Bahati. Kwa dada yako."

Wasike aligeuza kichwa taratibu. Ilichukua muda neno lile lijigeuze ndani yake kama lilivyojigeuza ndani ya Kigen asubuhi. Kigen aliliona likigeuka, na angelipa chochote asilione.

"Kwa Nabalayo?"

"Jumanne jioni."

"Mkamfanya nini?"

Kigen akasema, "Twende nikupeleke."

Ploti ya Kabatini ilikuwa na vyumba kumi vilivyopangana chini ya bati moja, mlango wa samawati baada ya mlango wa samawati. Hawakuhitaji kuuliza ni upi. Vyombo vya Nabalayo vilikuwa nje, kwenye majani: kitanda kilichofunguliwa, cherehani ya miguu, ndoo, na makochi mawili yaliyochanwa matumbo, sponji za rangi tatu tofauti zikiwa nje. Ya kijani ilikuwa miongoni mwao, imepasuliwa katikati kwa kisu. Mwanamke mrefu mwenye kilemba alikuwa anajaribu kufunga sahani kwa shuka, na sahani zilikuwa zinalia.

Alimwona ndugu yake akishuka kwenye gari la polisi, akaiacha shuka.

"Jerry! Wamekuachilia?"

Ndipo Kigen alipojua kwamba Wasike alikuwa na jina la nyumbani.

"Wameniachilia. Unaenda wapi?"

"Mwenye ploti amesema hataki nyumba ya kuingia maaskari. Amenipatia mpaka leo. Na wateja wote wamekuja kuchukua vitambaa vyao, hata uniform za shule sijamaliza, wanasema nisije nikaenda jela na nguo zao." Alimtazama Kigen, akamtambua, akashusha macho haraka, na kule kushusha macho kulimuuma Kigen kuliko kama angemtemea mate. "Mercyline wa kanisa amesema nilete vitu kwa boma yake, zikae chini ya mti kwanza. Tutaona mbele."

"Nitaongea na mwenye ploti," Kigen alisema. "Sasa hivi. Nitamwambia ni kosa letu. Kosa langu."

"Ameshapatia mtu mwingine," Nabalayo alijibu kwa upole, kama anayemliwaza. "Amelipa jana."

Wasike hakuwa akiwasikiliza. Alikuwa amezunguka vyombo mara moja, polepole, akigusa kimoja kimoja. Kisha akavua koti. Akachukua sahani za dada yake, akaketi kwenye ndoo iliyopinduliwa, akaanza kuzivika magazeti moja moja na kuzisimamisha kwa ubavu ndani ya katoni. Akaondoa droo ya cherehani, akaipangusa kwa mkono wa shati. Sponji iliyopasuliwa aliiunganisha, akaizungushia kitambaa, akaifunga. Kigen alimwangalia kwa muda, kisha akasogea.

"Wacha nikusaidie. Nishike kamba."

"Hapana, afande."

"Naweza kufunga kitu, Wasike."

Wasike hakuinua uso. Wala sauti yake haikuwa na hasira. Ingekuwa na hasira, ingekuwa afadhali.

"Najua unaweza. Kazi yetu ni moja, mimi nafunga vitu, wewe unafunga watu. Lakini mimi kabla sijafunga, naangalia kwanza ni nini nimeshika."

Sally, aliyekuwa kando ya gari, alitazama pembeni. Kigen alibaki na mikono yake hewani, kisha akaishusha.

Walipakia kwenye pikapu ya jirani. Wasike alifunga kila kitu kwa fundo lile lile lenye kitanzi chini. Ilipobaki katoni ya mwisho, ya vyombo vya kupikia, alijipapasa mifukoni, akakumbuka kalamu yake ilibaki mahali fulani kati ya selo na kaunta. Kigen akatoa ya kwake, ile ya wino mweusi, akampa. Wasike aliipokea. Akainama juu ya katoni, akaandika kwa herufi zake ndogo, taratibu: *sufuria*. Akaweka kistari kando yake kama kawaida.

Hapo mkono ukasimama.

Alingoja. Alimtazama dada yake, aliyekuwa tayari ameketi kiti cha mbele cha pikapu, kichwa cha cherehani magotini. Akatazama ule mlango wa samawati, ambao sasa ulikuwa na kufuli mpya. Kalamu ilikaa juu ya katoni muda mrefu hata dereva akapiga honi, na baada ya kistari kile Wasike hakupata neno la kuandika.

Akaifunika kalamu kwa kifuniko chake, akamrudishia Kigen mkononi, akapanda nyuma ya gari kukaa na vyombo.